Mazungumzo Namba Moja

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu zitangulie, maana hata ndugu waliokosana hawanyimani salamu. U hali gani huko uliko? Shemeji na watoto hawajambo? Nimesikia kwamba mgongo unakusumbua kwa kuinama mchana kutwa kwenye mashimo ya lifti, na kwamba mwanao mkubwa sasa amekupita kimo na anavaa viatu vyako bila kuomba. Pole kwa mgongo, na hongera kwa kijana. Sisi huku tu wazima wa kusema tu wazima. Mimi nakula, nalala, naenda kazini. Mama ndiye si mzima, na ndiye sababu ya barua hii. Najua uliniambia kwamba nikikupigia simu kwa habari za mama utaikata, na ahadi yako umeitimiza mara tano. Barua haikatwi. Unaweza kuichana, lakini nakuomba, kwa udugu wetu uliobaki, uichane ukishafika mwisho.

Mama alipata kiharusi miezi minne iliyopita, asubuhi, akiwa amesimama jikoni anafunga vifungo vya gauni. Mkono wa kulia umelala na mguu anauburuta. Hayo watu wengi huyapata na maisha huendelea. Lakini Kiswahili chake kimeondoka, kaka, chote, hata "asante", hata "njoo". Kimebaki kile cha kwao tu, lugha ya nyumbani. Daktari alinieleza kwamba hutokea, lugha aliyojifunza mtu ukubwani ikafutika na ile ya utotoni ikasalia, na alilieleza kwa uchangamfu kana kwamba ananipa zawadi. Akauliza ni lugha gani na ni nani nyumbani anayeizungumza. Nikamtajia. Akaniomba nirudie, kisha akaandika kwenye faili, "lugha nyingine". Muuguzi wa zamu hakujisumbua hata kiasi hicho, yeye aliandika kwamba mgonjwa anapayuka. Nilimfokea mbele ya wagonjwa wote mpaka nikaombwa nitoke nje.

Mama hapayuki. Anaomba mto usogezwe. Anasema chai imepoa. Anauliza kwa nini dirisha limefungwa na joto lote hili. Wewe ungemwelewa huku unakata kucha. Mimi inanibidi nisikie mara tatu, na mama hana kitufe cha kurudisha nyuma.

Unajua kazi yangu, lakini sidhani kama umewahi kuniuliza inafanywaje, nami sikuwahi kukueleza bila kujikweza. Nilipoajiriwa pale taasisi nilikuwa mpiga chapa tu. Kisha akaja yule mtaalamu wa lugha zinazokufa, ambaye mama alimbatiza jina la Bwana Tena, kwa sababu kila neno ukimpa alikuwa anasema, "Tena, tafadhali." Alikuwa amesoma mahali kwamba lugha yetu imebakiwa na wasemaji wasiofika kumi. Alipofika, waliobaki walikuwa wawili, mama na mama mdogo. Wewe alikupigia simu ukamwambia umeshaisahau, na mimi nilikaa kimya ingawa nilijua kwamba kila Jumapili ulikuwa unaongea na mama mdogo saa nzima kwa lugha hiyohiyo. Sikukulaumu. Nilidhani unaona haya. Sasa naona ulikuwa na akili kutuzidi sote.

Bwana Tena akanitoa kwenye dawati la mpiga chapa akanifanya mnakili. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi, kuta tumezibandika trei za mayai na vipande vya godoro ili sauti isigonge na kurudi. Feni ilikuwa marufuku mashine ikiwa inanasa, kwa hiyo tuliloa jasho kama waoka mikate. Mama alikuwa anakuja Jumanne na Alhamisi, anabanwa kinasa sauti kidogo kwenye kola, anaulizwa viungo vya mwili, majina ya ndugu, vyombo vya jikoni. Siku moja aliombwa aseme "goti" mara nyingi mno, akamwambia Bwana Tena kwamba goti lake halijabadilika tangu jana, na akitaka anaweza kulishika ahakikishe. Tulicheka mpaka mashine ikazimwa. Nami baadaye nakaa na vidude vya masikioni, nasikiliza, naandika, narudisha nyuma, naandika. Miaka sita, kaka. Lugha ambayo mama hakunifundisha, kwa sababu alikuwa anatoka kufua mashuka ya hospitali akiwa hoi na walimu walimwambia Kiswahili kitanisaidia zaidi, niliipata kwa njia ya waya. Naweza kuiandika kuliko mtu yeyote duniani, ila kujibu kwayo siwezi.

Juzi nilijaribu. Mama aliniambia kitu kirefu, akaningoja. Nikatafuta kichwani, na kilichonitoka ni sentensi ya daftarini, ile namba mia na kumi na mbili, "Mwanamke mrefu anachota maji." Mama akanitazama kama unavyomtazama mgeni aliyekosea mlango. Kisha akanipigapiga mkono kunifariji, yeye mgonjwa, mimi mzima. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Sasa nakuja kwenye lililonitia kalamu mkononi. Nimepiga moyo konde, nawe usiruke mistari.

Mwaka wa pili wa kazi, Bwana Tena alikwama. Alikuwa na maneno elfu tatu na hadithi ishirini, zote za mtu mmoja mmoja, leo mama, kesho mama mdogo, kila mmoja kwa siku yake ili wasikutane ngazini. Alichokosa ni mazungumzo. Alinieleza kwamba lugha ya mtu mmoja anayeongea na mashine ni kama nguo iliyotundikwa, unaiona rangi lakini hujui inavyotembea. Anataka watu wawili wakae, wakatizane maneno, wacheke, wabishane. Na bila hayo, alisema, mkutano mkubwa wa wataalamu hautampokea, na mradi utafungwa, na mimi nitarudi kwenye kupiga chapa barua za likizo za watu. Akaniuliza ni kitu gani kati ya hawa kina mama wawili. Nikamwambia ni kiti.

Wewe hukijui vizuri kisa cha kiti, kwa sababu siku ile ulikuwa bwana harusi na bwana harusi haoni kitu. Baba alipofariki ukiwa na miaka mitano, mama mdogo alikuchukua ili mama aweze kufanya kazi za zamu, akakulea, akakusomesha, akakushonea hata kaptura za shule kwa mkono wake. Hakuwa na mtoto. Siku ya harusi yako, mama alichelewa kwa sababu hospitali hawakumpa ruhusa mpaka saa sita, na alipofika ukumbini akamkuta mama mdogo amekaa kwenye kiti cha mama wa bwana harusi, nawe umeinama unabusu mkono wake. Alikaa nyuma, karibu na mlango wa jikoni, akala chakula chake, akaondoka. Tangu siku hiyo, miaka kumi na mitano, hawakusemezana. Watu wawili wa mwisho wa lugha nzima, ukikutoa wewe wa kwenye simu, wanaishi umbali wa mitaa miwili tu, na kila mmoja anaongea lugha hiyo na mashine.

Nami nikajipa kazi ya kuwapatanisha. Nilijiambia hivyo, na pengine robo yake ilikuwa kweli. Nilikwenda kwa mama mdogo nikamkuta kwenye cherehani yake na utepe wa kupimia shingoni, nikamwambia kwamba mama amelia, anataka kumwomba radhi kwa miaka yote ya kumnunia, ila anaona haya kuja, kwa hiyo anaomba wakutane pale taasisi. Kisha nikaenda kwa mama nikamwambia kwamba mama mdogo amelia, anataka kumwomba radhi kwa kile kiti. Kila mmoja aliuliza kama kweli, nikaapa. Mama alivaa lile gauni lake la kijani. Mama mdogo alikuja na skafu mpya, alama za pasi bado zinaonekana.

Nilibonyeza kitufe mwenyewe, taa nyekundu ikawaka. Waliongea dakika arobaini na moja kwa raha, kaka, sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Waliongea habari za mama yao alivyokuwa anaficha sukari, na mbwa aliyewafukuza wakaangusha mtungi, na walicheka kwa sauti moja mpaka usijue nani ni nani. Bwana Tena alikuwa nyuma ya kioo anafuta machozi, na kwa kasi ile haelewi hata neno. Halafu kila mmoja akaanza kumngoja mwenzake aombe radhi. Kimya kikaingia. Mama mdogo akasema, kwa upole tu, kwamba yuko tayari kusikia alichoitiwa. Mama akasema yeye ndiye aliyeitwa. Umewahi kushuhudia moto wa nyasi kavu? Mama mdogo akasema kumbe ameletwa hapa kudhihakiwa mbele ya wageni. Akasema mama alimtoa mtoto wake kama mtu anayegawa paka, na sasa anataka kurudishiwa heshima asiyoitolea jasho. Na mama, mama yetu huyu unayemjua, akamjibu kwamba kama tumbo lake lingezaa asingekuwa mwizi wa matumbo ya wenzake.

Mama mdogo alisimama, akabandua kile kinasa sauti kwenye skafu, akakiweka mezani taratibu kama mtu anayerudisha kikombe cha kuazima. Akamwambia dada yake kwamba hata akisikia amekufa, asije, asiuone uso wake wala kaburi lake. Akatoka. Mashine ilikuwa bado inanasa. Nyayo zake kwenye ngazi zimo, ukisikiliza vizuri unazihesabu.

Hukujua hili, kaka. Miezi minane baadaye mama mdogo alipozikwa na mama hakutokea, wewe ulisimama pale mbele za watu ukasema mwanamke asiye na moyo wa kumzika ndugu yake si mama yako. Mama alikuwa nyumbani amekaa kitandani amevaa nguo za msiba tangu alfajiri. Alikuwa anatii. Aliambiwa asije, hakuja. Ndilo jambo la mwisho aliloombwa na mdogo wake, akalitimiza, nawe ukamwadhibu kwa hilo miaka mitatu na zaidi.

Utauliza kwa nini hakujitetea. Siku ileile ya ugomvi, tukiwa tunashuka ngazi, mama aliniuliza nilimwambia nini mdogo wake. Njia ya mwongo ni fupi, haikufika hata ghorofa ya chini. Nikamwambia yote. Hakunipiga, hakunitukana. Tulipofika nyumbani alivua viatu, akaniambia kwamba wewe ulishampotea yeye, na hataki nawe upotelewe na dada, kwa hiyo nisikwambie kamwe. Ndiyo maana uliposema yale maneno makaburini, na watu wakamfikishia kabla ya jioni, aliinamisha kichwa na kuendelea kukunja nguo. Alikuwa amenifunika mimi kwa shuka lake, na yeye akalala bila.

Laiti ingekuwa hayo tu ningeshayasema zamani. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi sitafuti pole. Kuna la pili, na hili hata mama halijui.

Kesho yake mama alinituma kwa mama mdogo. Aliniambia niende nimwambie ukweli wote, kwamba mwongo ni mimi, kwamba hakuna dada aliyemwita mwenzake kumdhihaki, na kwamba lile neno la tumbo linamchoma ulimi na anaomba asamehewe. Aliniambia nikirudi nimweleze alivyojibu, neno kwa neno, kwani si ndiyo kazi yangu? Nami nikaenda. Lakini mkobani mwangu nilikuwa na fomu ya ridhaa. Bila sahihi za wote wawili Bwana Tena asingeweza kuyatumia yale mazungumzo, na mkutano wa wataalamu ulikuwa umebakiza wiki tatu. Mama alikuwa ameshatia sahihi kabla ya kuanza, wakati bado ana furaha. Ya mama mdogo ndiyo iliyobaki.

Nilimkuta anapindia pazia. Macho yamevimba. Alinikaribisha, akanipa maji, akaniambia mimi sina kosa, mimi ni mtoto tu niliyetumwa. Alisema hivyo, kaka. Nikafungua mdomo niseme. Nikafikiria kwamba nikisema ukweli atanifukuza, na fomu haitatiwa sahihi, na miaka yangu yote ya waya masikioni itakuwa imekwenda na maji. Nikaitoa fomu kwanza. Nilijiambia atie sahihi kisha nitasema. Akaisoma, akasema vizuri, dunia nzima isikie dada yake alivyomtukana, akatia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Nami nikaikunja, nikashukuru, nikatoka. Sikusema. Nilipofika nyumbani mama alikuwa amesimama mlangoni ananingoja, nami nikamwambia kwamba nimemweleza yote, na mama mdogo amekataa kusamehe.

Aliuliza alisema neno gani hasa. Nikatunga. Nikatumia maneno yale niliyoyanakili mwenyewe kwa miaka, nikampa mama jibu kali la mdogo wake kwa lugha yao wenyewe, na mama akaliamini kwa sababu nililisema vizuri. Ndiyo mara pekee maishani mwangu nimewahi kuizungumza lugha yetu bila kukwama.

Kwa hiyo mama mdogo amekufa akiamini dada yake alimtega, na mama anaishi akiamini mdogo wake aliusikia ukweli akautupa. Mazungumzo yao yamehifadhiwa salama. Yako kwenye hifadhi ya taasisi na kwenye hifadhi nyingine tatu nje ya nchi, hata jengo liungue hayapotei. Yanaitwa Mazungumzo Namba Moja. Namba mbili haipo. Bwana Tena aliyachezesha mkutanoni, akawachagulia wataalamu ile sehemu ya hasira kwa sababu sauti zinapanda na kushuka vizuri, wakampigia makofi. Sasa ana kiti chake cha uprofesa kwenye chuo kikuu kikubwa, na mimi nimepewa kazi ya kudumu, na jina langu liko ukurasa wa shukrani. Mwezi uliopita aliniandikia kunipa pole ya ugonjwa, na aya ya pili akaniuliza kama mama anaweza kunaswa akiwa katika hali hiyo, kwa kuwa ni nadra kumpata msemaji wa namna hiyo. Sijamjibu. Nilikaa na barua yake nikatamani kumchukia, nikashindwa kwa sababu nilimjua mwingine aliyestahili zaidi.

Nilipokwama kabisa, mama akiwa ameshatolewa hospitali, nilimletea sauti ya mdogo wake. Nilidhani itamliwaza. Nilimwekea zile dakika arobaini na moja, nikawa naikodolea macho saa nizime kabla ya kimya. Mara ya kwanza alishtuka, kisha akaanza kuijibu. Mama mdogo anasema habari za sukari, mama anacheka na kuongeza. Siku tisa tulifanya hivyo, na mama akawa anakula vizuri na hata muuguzi anayepita nyumbani akaacha kuandika upuuzi. Siku ya kumi kuna mtu aligonga mlango, mleta gesi, nikatoka kumfungulia, na bei yake na maneno yake vikanichelewesha. Niliporudi nyayo zilikuwa zinashuka ngazi. Mama alikuwa amejigeuza ukutani kwa mkono wake mmoja mzima, sijui alipata wapi nguvu. Tangu siku hiyo akiiona tu ile mashine anafumba macho.

Lakini anaongea. Kila asubuhi nikimwosha uso anauliza kitu kimoja, kirefu, na jina lako limo ndani yake. Sikukipata mara ya kwanza wala ya tano. Ya sita nilichukua karatasi nikaandika kama ninavyoandika kazini, nikakifasiri pole pole. Anauliza kama wewe ulikuwepo mdogo wake alipokata roho, na kama katika zile siku alimtaja. Ulikuwepo. Ulimshika mkono. Unajua kama alimtaja au hakumtaja, na unajua alisema nini, kwa lugha ileile aliyoitumia. Mimi jibu sinalo, na hata ningekuwa nalo ningelisema kwa sentensi ya mwanamke mrefu anayechota maji. Hakuna mtu mwingine chini ya jua anayeweza kumjibu isipokuwa wewe. Na daktari wiki hii hakuwa mchangamfu tena. Aliniambia kama kuna ndugu wa mbali, waambiwe wasikawie.

Basi njoo. Mwambie ukweli wa mama mdogo, na ukiweza mwambie na wangu, maana mimi maneno yake siyawezi na wewe unayaweza. Nitatoka chumbani uniseme utakavyo.

Wala usije ukadhani barua hii ni toba njema ya mtu aliyeguswa moyoni. Nimekaa na haya yote miaka minne nikala, nikanenepa, nikapandishwa cheo. Nakuandikia kwa sababu nimekwama na nakuhitaji. Kama mama angebakiwa na Kiswahili chake, kaka, ningeendelea kukuacha umchukie.

Nisalimie shemeji kwa heshima, na watoto mmoja mmoja. Mgongo usiukazie sana, safari ni ndefu. Ufunguo wa mlango wa mbele uko kwa jirani wa kushoto, usinisubiri mimi nikufungulie.

Mimi mdogo wako,
mnakili